Tawi la Pili Lisimeze la Kwanza

Mgahawa unaojaa saa saba mchana huvutia washauri wa kila aina. Wateja wanauliza kwa nini hujafungua Mbezi au Kigamboni. Dalali anapiga simu kuhusu fremu iliyo wazi karibu na kituo cha mwendokasi. Ofisa wa mikopo anasema miamala yako ya simu inatosha kukupatia mamilioni kabla ya wiki kwisha. Huenda wote wanasema kweli, ila hakuna aliyekaa na daftari lako akatazama jambo linaloamua uhai wa tawi la pili: je, tawi la kwanza lina ziada ya fedha taslimu na ziada ya watu, za kulilea lile jipya mpaka lisimame lenyewe?

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wenye mgahawa mmoja, miwili au mitatu, na kwa ndugu na marafiki wanaoombwa kuchangia mtaji. Hesabu za shilingi zilizomo ni za mfano. Ziondoe, weka zako, kisha uone kama jibu linabaki lilelile.

Milioni sita ambazo si zako zote

Tuchukue mgahawa wa Dar es Salaam unaouza milioni 30 kwa mwezi, bila kuhesabu VAT. Vyakula na vinywaji vinakula 10,800,000. Mishahara pamoja na michango ya hifadhi ya jamii ni 6,000,000. Pango ni 3,000,000. Gesi, mkaa, umeme na maji ni 2,000,000. Vifungashio, sabuni, usafiri wa sokoni, mlinzi na matengenezo madogo ni 2,200,000. Zinabaki 6,000,000, na hapa ndipo wengi hufunga daftari wakasema, "Napata milioni sita kwa mwezi, naweza kufungua tawi jingine."

Lifungue tena. Mwenye mgahawa anafanya kazi ya meneja kuanzia alfajiri, na siku akihamia kusimamia tawi jipya atalazimika kumlipa mtu wa kukaa pale alipotoka. Kwa hiyo toa 1,500,000 za mshahara wake. Jokofu na majiko yanachakaa kila siku hata kama hayajaharibika, basi weka kando 1,000,000 kila mwezi za kununua mengine. Tenga 700,000 za kodi ya mapato. Sasa zimebaki 2,800,000. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya tawi la kwanza, chini ya nusu ya ile iliyoonekana mwanzo.

Halafu kuna fedha inayopita mikononi mwako ikiwa ya serikali. Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, na mgahawa wa mfano wetu, wenye mauzo ya milioni 360 kwa mwaka, umevuka kiwango cha kulazimika kusajiliwa. Kwa Kenya VAT ni asilimia 16, na usajili huanza kwenye mauzo ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa mwaka. Kodi hiyo ikikaa kwenye akaunti moja na mauzo, macho huiona kama mtaji. Ikitumika kununulia vigae vya tawi jipya, tarehe 20 ya mwezi unaofuata utaitafuta na hutaipata. Fungua akaunti ya pembeni ya kodi, na uihamishie sehemu yake kila jioni baada ya kufunga hesabu. Najua ni usumbufu. Lakini biashara nyingi za chakula zilizofungiwa na mamlaka za kodi zilikuwa na wateja wa kutosha. Fedha ya kodi ndiyo iliyokuwa imekwisha kutumika.

Bei ya kufungua na bei ya kusubiri

Tuseme fremu mpya ina pango la 2,500,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele: hiyo ni milioni 15. Ukarabati, mabomba na nyaya za umeme, milioni 12. Majiko, majokofu, meza na viti, milioni 14. Leseni, vipimo vya afya vya wafanyakazi, mashine ya EFD na tangazo la ufunguzi, milioni 3. Bidhaa za stoo na fedha ya mzunguko, milioni 6. Jumla ni milioni 50. Una akiba ya milioni 20 na unakopa milioni 30 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio. Marejesho yatakuwa karibu 1,500,000 kila mwezi.

Zile 2,800,000 ukitoa rejesho zinabaki 1,300,000. Huo ndio uwezo wako wa kubeba hasara ya tawi jipya kwa mwezi, na hasara hiyo ni jambo la kutarajia. Wapishi wapya wanapoteza chakula, wateja hawajaijua njia, na baadhi ya siku utapika sufuria mbili ukauza moja. Tawi jipya likipoteza milioni 2 kwa mwezi kwa miezi sita ya mwanzo, kuna pengo la 700,000 kila mwezi, yaani 4,200,000 kwa jumla. Fedha hiyo ilipaswa kuwa benki kabla hujasaini mkataba wa pango. Haikuwemo katika ile hesabu ya milioni 50, na mara nyingi haimo katika bajeti yoyote ninayoonyeshwa na watu wanaotaka kupanuka.

Isipokuwepo, mwenye mgahawa hufanya kile kilicho rahisi: anachelewesha kumlipa muuza kuku. Wiki ya kwanza hakuna anayelalamika. Mwezi wa pili muuza kuku anapandisha bei kidogo ili kufidia kuchelewa, na mwezi wa tatu anakuletea kuku wadogo, wale wazuri akiwapelekea wanaolipa taslimu. Wateja wa tawi la kwanza, ambalo halikuwa na tatizo lolote, wanaanza kunong'ona kuhusu vipande. Hivyo ndivyo tawi changa linavyolimeza lile lililolizaa.

Afrika Mashariki ilishuhudia jambo hili kwa kiwango kikubwa katika biashara iliyo jirani na mgahawa. Nakumatt, maduka makubwa yaliyoanzia Kenya yakaenea Uganda, Tanzania na Rwanda, yaliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018 yakiwa na madeni mazito kwa wasambazaji, wenye majengo na mabenki. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe. Rafu zilikuwa zimebaki tupu muda mrefu kabla ya hapo, kwa kuwa msambazaji asiyelipwa haleti mzigo.

Kuhusu mkopo wenyewe, shika kanuni moja: muda wa deni ulingane na maisha ya kitu unachokinunua. Jokofu la miaka mitano linaweza kulipiwa kwa mkopo wa miaka miwili au mitatu. Mchele unaouzwa ndani ya siku kumi unaweza kununuliwa kwa deni la siku 14 la msambazaji. Hatari ni kununua jokofu kwa mkopo wa siku 30, hasa mikopo ile inayoitwa kausha damu, ambayo rejesho lake hudaiwa kila siku hata siku ya mvua ambayo meza zimekaa tupu. Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Uliza leseni hiyo kabla ya kuuliza riba. Fedha ya kikoba ni afadhali, ila usiigeuze kuwa jengo. Wanakikundi watadai mgawo wao mwisho wa mzunguko, na ukuta ulioujenga hauwezi kugawanywa.

Kijiko cha mpishi na rejesho la benki

Kabla ya kutafuta mtaji nje, utafute jikoni. Sahani ya wali kuku inauzwa 6,000 bila VAT. Kuku wa 9,000 akikatwa vipande sita, kipande ni 1,500. Mchele gramu 150, kwa bei ya 2,800 kwa kilo, ni 420. Mafuta, nyanya, vitunguu, viungo na mboga ni 380. Jumla ni 2,300, yaani asilimia 38 ya bei.

Sasa mpishi mwingine, mwenye mkono mkunjufu, anakata kuku yuleyule vipande vitano na kuweka mchele gramu 200. Kipande kinakuwa 1,800 na mchele 560. Sahani imepanda kwa 440. Kwa sahani 120 kwa siku na siku 26 za kazi, umepoteza 1,372,800 kwa mwezi. Kumbuka kwamba uwezo wako wote wa kulibeba tawi jipya ulikuwa 1,300,000. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyechelewa kazini, na fedha yote imekwisha.

Katika mgahawa mmoja mwenye mali anapita jikoni na kuliona jambo hilo. Katika migahawa miwili, nusu ya siku hayupo. Ndiyo maana vipimo lazima viandikwe kabla ya kufungua: uzito wa mchele, idadi ya vipande, ujazo wa kikombe cha mchuzi, na picha ya sahani iliyokamilika ukutani. Nunua mizani na vikombe vya kupimia. Mwite mpishi mzoefu akusaidie kuviandika, kwani sehemu kubwa ya mapishi ya mgahawa wako imo kichwani mwake na hujawahi kuinunua.

Faida iliyotengenezwa kwa karatasi

Mfano unaostahili kusomwa kwa makini na kila anayetaka kupanuka ni wa kampuni ya Marekani iliyoitwa Boston Chicken. Ilianza mwaka 1985 Newton, Massachusetts, ikiuza kuku wa kuoka pamoja na vyakula vya pembeni kama vya nyumbani, na migahawa yake baadaye ikajulikana kwa jina la Boston Market. Novemba 1993 iliuza hisa kwa umma, na siku ya kwanza tu bei ya hisa ikazidi maradufu. Fedha zikawa nyingi.

Kampuni ikatumia njia hii: ilitafuta waendeshaji wakubwa wa kila eneo, ikawakopesha mtaji wa kufungulia migahawa, kisha ikawatoza ada ya kutumia jina na riba ya mikopo hiyohiyo. Ada na riba zikaandikwa kuwa mapato. Hasara za migahawa yenyewe zikabaki katika vitabu vya waendeshaji, nje ya taarifa ya kampuni mama. Anayesoma taarifa aliona faida ikipanda kila robo mwaka, wakati migahawa mingi ilikuwa haijitoshelezi. Kwa kweli kampuni ilikuwa ikipokea fedha yake yenyewe ikirudi kwa mlango mwingine. Matawi yakapita 1,000. Waendeshaji waliposhindwa kulipa, kila kitu kikaonekana kwa mara moja, na Oktoba 1998 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Mwaka 2000 ikanunuliwa na McDonald's.

Mtu mwenye migahawa miwili Arusha atasema hayo ni mambo ya soko la hisa. Lakini hebu tazama kinachofanyika kila wiki: kuku wanatolewa stoo ya tawi la kwanza kwenda la pili bila kuandikwa, mhudumu wa la kwanza anasaidia la pili na mshahara wake unabaki la kwanza, malipo yote yanaingia namba moja ya simu. Mwisho wa mwezi tawi la pili linaonekana lina faida, na la kwanza linaonekana limezembea. Mwenye mali anamfokea meneja asiye na kosa na kumpongeza mwingine kwa fedha asiyoizalisha. Akitiwa moyo na hesabu hizo, anafungua la tatu.

Tiba yake haina gharama kubwa. Kila tawi liwe na namba yake ya kupokelea malipo, daftari lake la stoo na orodha yake ya mishahara. Kitu kikihama kutoka tawi moja kwenda jingine, kiandikwe kwa bei ya ununuzi, na tawi lililopokea lidaiwe. Kila Jumatatu linganisha mauzo, gharama ya chakula na mishahara ya kila tawi. Tawi likianguka, utajua ndani ya siku saba.

Mwendo wa In-N-Out, na wa Java House

Upande wa pili kuna waliokataa haraka. Harry Snyder na mkewe Esther walifungua duka lao la kwanza la baga, In-N-Out, huko Baldwin Park, California, Oktoba 1948. Harry alipofariki mwaka 1976, miaka 28 baadaye, kampuni ilikuwa na matawi 18 tu. Katika miaka hiyohiyo washindani wao walienea Marekani nzima kwa kuwauzia watu wengine haki ya kutumia jina. Familia ya Snyder haikuuza haki hiyo, na haikupeleka kampuni kwenye soko la hisa. Orodha yao ya vyakula imebaki fupi, na nyama yao haigandishwi.

Hilo la nyama ndilo linaloeleza mwendo wao. Nyama isiyogandishwa haisafiri mbali, kwa hiyo tawi haliwezi kuwa mahali ambapo gari kutoka kwenye ghala lao halifiki kwa wakati. Walipoingia Texas mwaka 2011 walijenga kwanza kituo cha kutengenezea nyama Dallas. Ramani yao ilichorwa na jiko. Mwaka 1984 walianzisha pia chuo chao cha kufundishia mameneja, ili tawi jipya lifunguliwe na mtu aliyekwisha kulelewa ndani. Leo wana matawi zaidi ya 400, na bado ni mali ya familia.

Nairobi, Java House ilianza mwaka 1999 kwa duka moja la kahawa Adams Arcade. Mtaji mkubwa wa wawekezaji, kutoka Emerging Capital Partners, ulikuja mwaka 2012, miaka 13 baadaye, wakati jina, mapishi na utaratibu wa kazi vimekwisha kujulikana. Nadhani huo ndio mpangilio unaofaa: mtaji wa nje uje kuzidisha kitu kilichothibitika. Ukija mapema, mwekezaji anakuwa anagharimia majaribio yako, na atataka hisa nyingi kwa sababu hiyo.

Chukua kipimo cha Snyder ukitie katika mazingira yako. Samaki wako anatoka Feri, Mwanza au Mombasa? Anafika saa ngapi? Je, fremu mpya inaweza kupokea mzigo kabla ya saa tatu asubuhi bila kuongeza pikipiki nyingine? KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi Januari 2022 kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zikachelewa, katika nchi yenye wakulima wengi wa viazi. Kampuni yenye nguvu kiasi hicho ilikwama kwa bidhaa moja. Wewe mwenye msambazaji mmoja wa kuku unatakiwa uwe na wa pili kabla hujaongeza sahani 100 kwa siku.

Meneja kwanza, fremu baadaye

Tafuta mtu kabla ya kutafuta mahali. Awe amefanya kazi kwako, anajua kununua sokoni, anaweza kufunga hesabu jioni, na awe amewahi kuachiwa tawi la kwanza mwezi mzima nawe hukuwepo. Huo mwezi mmoja ni mtihani bora kuliko cheti chochote. Mauzo yakishuka kwa kiasi kikubwa ulipokuwa hupo, ujue biashara bado ni wewe mwenyewe, na mtu hawezi kuwa mahali pawili.

Kisha mpe sababu ya kulinda fedha yako. Texas Roadhouse, migahawa ya nyama iliyoanza Indiana mwaka 1993, humtaka meneja mshirika wa tawi aweke dola 25,000 zake, na humpa asilimia 10 ya faida ya tawi lake kabla ya kodi. Si lazima uige kiwango. Hata asilimia 5 ya faida halisi, iliyoandikwa kwenye mkataba na kulipwa kila robo mwaka baada ya kuhesabu stoo, humfanya meneja azime jiko lisilotumika. Ndugu wa familia naye apewe mkataba uleule. Undugu usioandikwa umevunja migahawa, na migahawa imevunja undugu.

Kuhusu mahali, onyo fupi. Julai 2008 Starbucks ilitangaza kufunga maduka 600 Marekani, na karibu asilimia 70 yake yalikuwa yamefunguliwa tangu mwanzo wa mwaka wake wa fedha wa 2006. Mengi yalikuwa karibu mno na mengine, yakinyang'anyana wateja walewale. Kwa wiki mbili, mwambie mhudumu wa kaunta aandike kila mteja ametoka mtaa gani, na uzitazame oda za kupelekwa kwa pikipiki. Kama theluthi moja ya wateja wako tayari wanatoka karibu na fremu mpya, utakuwa umewahamisha tu na kulipa pango mara mbili.

Kabla ya kusaini

Mwombe mwenye nyumba kifungu cha kuvunja mkataba kwa taarifa ya miezi mitatu, na kipindi cha ukarabati kisicho na pango. Wengi hukubali mtu anapoomba kabla ya kulipa. Usilipe kilemba kwa mpangaji anayeondoka bila kuona majina ya mkataba wake na bili zake za maji na umeme.

Andika pia, siku hiyohiyo, kiasi cha juu cha hasara utakachokubali na tarehe ya mwisho. Kwa mfano: "Ikifika mwezi wa 12 tawi halijalipa gharama zake lenyewe, au hasara ikifika milioni 15, tunafunga." Mpe karatasi hiyo mtu usiyeweza kumdanganya. Uamuzi wa kufunga ni mgumu sana ukiwa umeshatumia fedha, umeshatangaza, na watu mtaani wanakupongeza. Unapoandikwa mapema unakuwa kazi ya kutekeleza tu.

Na ikifika siku hiyo, zungumza na mwenye nyumba mapema, rudisha vifaa vinavyofaa katika tawi la kwanza, na uza vingine vikiwa bado vinafanya kazi. Lipa wafanyakazi kwanza, kwa sababu wao hawakuchagua kupanuka. Wasambazaji wape ratiba iliyoandikwa na uifuate. Mgahawa uliofunga tawi moja kwa kulipa madeni yake bado utapewa mchele kwa mkopo wiki ijayo.